Barua Kali Iliyochanwa

Neema mjukuu wangu,

Huku Toronto hatujambo, na goti la babu yako limepona. Unauliza kama wakubwa wako huko Washington watakuona mwoga ukiwashauri wasizitishe nchi nyingine.

Nikiwa kijana Dar es Salaam, nilimpigia chapa bosi wangu, mwanadiplomasia wa Kimarekani, barua kali kwa serikali yetu: iombe radhi, la sivyo wauguzi wote wa Kimarekani waliokuwa hospitalini mwetu wanaondoka. Akaniuliza, “Ingekuwa wewe umeipokea, ungefanyaje?”

“Ningewafungia mizigo mwenyewe,” nikamjibu.

Akacheka, akaichana, akaenda wizarani kuzungumza. Wauguzi wakabaki.

Mwaka uliofuata mama yako alizaliwa akitanguliza miguu, na aliyetuokoa ni mmoja wao. Kila nikimtazama mama yako nawashukuru wote wawili, muuguzi yule na bosi wangu. Kwangu mimi, bosi huyo hakuwa mwoga.

Bibi yako akupendaye