Kovu Si Chenga

Mama Zuhura,

Wacha nianze na ugomvi, ndio ujue ni mimi Wambui. Umetuacha bila picha! Wewe, uliyepiga picha nusu ya Ruiru: maharusi, watoto wa ubatizo wanaolia, wazee wa kitambulisho. Miaka yote katika studio yetu unawaambia watu "kidevu juu kidogo," na wewe mwenyewe ukiona kamera imekugeukia unakimbilia chumba cha giza. Picha za harusi yako ziliharibika mvua ilipoingia nyumbani. Kitambulisho nacho kilirudishwa serikalini ulipofariki.

Siku ya msiba nilifika kwa mama yako Makongeni mbio, nikakuta wanaume wameshakubeba kwenda makaburini. Sisi kwetu mtu hukaa mochari wiki nzima, na siku ya mazishi picha yake kubwa hutangulia mbele ya jeneza, kila mtu amtazame. Nyinyi Waislamu hamngoji. Silaumu, ni desturi yenu na ina heshima yake. Lakini niliketi kwenye mkeka na akina mama nikijua sitakuona tena, na niliumia, Mama Zuhura. Niliumia sana.

Baadaye mama yako akanipa kazi. Zuhura wako, hata shule ya nasari bado hajaingia, alikuwa ameanza kumuuliza, "Mama alikuwa anakaa aje usoni?" Mama yako akanishika mkono. "Wambui, mtoto anamsahau. Nitafutie uso wa mwanangu."

Kumbe ninao. Unakumbuka ile kamera ya dijitali binamu yako aliyoleta kutoka Dubai, ile ya kula disketi badala ya filamu? Tuliijaribu mwezi wa Julai, baridi, mawingu yamefunga, stima imepotea kama kawaida, studio giza. Nilipowasha flashi ukapiga kelele: "Zima hiyo kitu, inanifanya mzungu!" Nikaizima. Nikaiweka kamera mezani isitikisike, nikabonyeza mara kadhaa, nawe umetulia kwenye kiti cha wateja, mikono magotini, baada ya kunicheka kwanza kwamba nasema "kamela." Ukaziona, ukasema ni takataka, nizifute. Sikuzifuta. Unanijua nilivyo mbishi.

Zilikuwa na chenga tu. Kamera kama ile ikikosa mwanga huanza kubahatisha, inamwaga vidoadoa vyekundu, vya kijani, vya buluu, kama TV isiyoshika stesheni. Uso wako ulikuwa humo ndani, lakini ilibidi mtu ainame autafute.

Kwenye kompyuta ya studio kuna mahali pa kulainisha picha. Nikalainisha. Chenga zikapungua. Nikaongeza, zikaisha kabisa, nawe ukatokea maridadi, aki ya Mungu nikajipongeza peke yangu. Nikachapisha, nikapeleka Makongeni kifua mbele. Mama yako aliitazama. Akasema taratibu, "Mashallah, ni mzuri. Lakini huyu sikumzaa mimi."

Makovu, Mama Zuhura! Yale madogo ya tetekuwanga, shavu la kushoto. Kompyuta haijui kovu wala chenga, kwake vyote ni uchafu, ikapiga pasi vyote pamoja. Na mimi niliyefundishwa na wewe! Kila bibi harusi alipotaka tumsafishe uso kwa penseli kwenye negativu, si ulikuwa ukiniambia: "Chunusi toa, hata hivyo itaondoka. Kovu wacha, hilo ni lake."

Nikarudi Ruiru nimenuna. Kesho yake nikazifungua picha zote, moja kando ya nyingine, na ndipo nikaona jambo. Chenga za hii hazikuwa mahali pa chenga za ile. Kila picha ilibahatisha kivyake. Makovu yalikuwa palepale katika zote, kwa sababu ulitulia. Basi nikazilaza moja juu ya nyingine, ya juu nikiifanya nyepesi mpaka ya chini ionekane, nikilinganisha jicho na jicho, pua na pua. Chenga, kwa kuwa hazikubaliani, zikafifia zenyewe. Wewe ukabaki. Pale kwenye kivuli chini ya kidevu kuna chenga chache bado, na nimeziacha, sitaki tena ushujaa.

Ijumaa nikaipeleka. Zuhura alikuwa sakafuni anakula mandazi. Mama yako akamkabidhi. Nakwambia niliogopa. Niliogopa atauliza huyu ni nani.

Hakuuliza. Alipangusa mkono kwenye gauni, akaweka kidole kwenye shavu lako, akaanza kupapasa yale makovu. Moja, halafu lingine, polepole, anarudi tena la kwanza, mpaka macho yakaanza kulegea. Mama yako akageukia ukuta. Aliporudi kunitazama ndipo akaniambia kwamba hivyo ndivyo mtoto alivyokuwa akilala, kidole shavuni mwako hadi usingizi umchukue. Miaka yote hiyo tumefanya kazi pamoja, na hukuwahi kuniambia.

Hawajaitundika. Iko ndani ya kasha la leso zako za kujifunga, na Zuhura anajua kulifungua mwenyewe. Mama yako anasema kona moja imeshaanza kujikunja, na pale shavuni wino unapauka.

Ya kwangu mimi studioni sijachapisha bado. Siwezi kukutazama na wateja wamejaa, nitaharibu kazi. Siku moja nitaweza.

Lakini ya mtoto nakuahidi. Akiimaliza hii kwa kidole, nitamchapishia nyingine, na nyingine, mpaka siku atakayolala bila kuihitaji. Pumzika, rafiki yangu. Karatasi ipo ya kutosha.

Wambui wako