Kivuli cha Kuangaliwa

Jumatatu, 3 Machi
Ripoti tisa za hospitali leo, zote namba tupu bila majina. Ndiyo desturi ya ofisi yetu: mtafsiri asijue anamtafsiria nani. Dirisha wazi, pazia linapumua, nami nusu kazini, nusu mbali huko. Kisha "worrisome" tena! Kivuli kwenye titi la kushoto, "worrisome". Kamusi inasema: cha kutia wasiwasi. Mimi huandika "cha kuangaliwa". Mtu yuko peke yake na karatasi yake, kwa nini nimtishe? Namwonea huruma, basi.

Jumatano, 5 Machi
Mhariri kanisuta. Eti Waingereza hawalitumii neno lile kwa mafua. Daktari akiliandika, ana hofu, na anataka mgonjwa naye ashtuke kidogo, afanye haraka. Nikamwambia lugha ina adabu zake. Akasema adabu haitibu. Lakini ripoti za Jumatatu zilikwisha kwenda. Nikatazama mawingu mpaka chai ikapoa.

Jumamosi, 8 Machi
Mama kaja asubuhi, anaimba tangu mlangoni. Kumbe alipimwa wiki mbili zilizopita! Hakuniambia, hakutaka kunisumbua. Kanitolea karatasi kwa fahari, ya Kiswahili safi. Miadi yake ya Jumanne keshaisogeza hadi Juni, aende kwanza kwa dada yangu akamlee mtoto mchanga. Tiketi anayo tayari, basi ni la kesho alfajiri.

Namba ya ripoti naijua, ni moja ya zile za Jumatatu, inaishia na sifuri tatu. Mstari wa nne: kivuli cha kuangaliwa. Maneno yangu. Chumba kimekuwa chepesi, kama kinaelea na mimi ndani yake. Naogopa. Naona aibu pia.

"Aliyeandika hii ni muungwana," kaniambia. "Tangu niisome, nalala fofofo."

Nimejifanya natafuta kalamu, nikaingia chumbani, naandika hapa. Saa sita na robo. Watu wa miadi hospitalini hufunga saa saba. Simu naweza kupiga, miadi irudi Jumanne, ila mwenye mwili ni yeye. Najaribu maneno kwanza. Mama, kinatia wasiwasi. Mama, niliyeandika ni mimi. Lipi litangulie?

Anaita. Hajaleta miwani, anataka nimsomee karatasi, kwa sauti, yote. Nasikia ndala zake ukumbini, polepole, anakuja