Mabano ya Vili

Jumatatu, 5 Juni

Mvua ya Suva haikomi, nami sijali. Wiki ya tatu ya ndoa! Vili wangu kanionyesha kazi yake pale kampuni ya meli. Programu zao ni za kizamani: amri iliyo ndani ya amri nyingine imefungwa kwa vialama vidogo kama madoa ya inzi. Anaviondoa, anaweka alama ya dola na mabano. "Sasa unaona inapoanzia na inapoishia, mpenzi." Anakwenda faili moja moja, maana ndani mna vijistari vya mshazari vilivyohitajika kwa mtindo wa zamani tu; visipofutwa kwa mkono, programu inaharibika. Mikono ile! Ningeitazama mpaka kesho.

Alhamisi, 8 Juni

Nina hasira hadi muhogo umeungua. Jana Vili alipotoka kula, Maikeli, mpwa wa meneja, alikaa kwenye kompyuta yake akabadilisha faili zote kwa mpigo mmoja. Vijistari kaviacha! Tena kwa majigambo: "Nimekumalizia kazi, konokono wewe!" Vili hakuwahi kurekebisha. Leo hakuna tiketi hata moja ya kisiwa cha Taveuni iliyotoka. Watu wamejaa gatini na watoto na magunia ya dalo, magimbi yetu. Na mabadiliko yana jina la nani? La Vili! Meneja kamfokea mbele ya abiria. Jumatatu anaitwa ofisini, huenda akafukuzwa. Maikeli yupo palepale, anatafuna chapati.

Nimemwambia Vili amtaje. Kasema atamtaja. Nikambusu.

Jumamosi, 10 Juni

Maikeli amekuja! Shati limepigwa pasi, fungu la mizizi ya kava, ile ya kinywaji cha heshima, kwapani.

"Shemeji, leo hata kiti hamna?"

Kiti! Nikamwambia akae chini kama mkosaji. Akakaa, akaweka kava mkekani mbele ya Vili, akainamisha kichwa, akaomba radhi kwa maneno mazuri mno. Kafundishwa — na mjomba wake meneja, nani mwingine! Maana kwa desturi yetu Vili akiigusa tu, amesamehe, yameisha. Kuyataja tena ofisini Jumatatu itakuwa aibu kwa ukoo mzima. Asipoigusa, yeye ndiye mbaya.

"Kamwambie mjomba wako ukweli mbele ya watu kwanza," nikasema.

"Haya ni ya wanaume, shemeji."

Ya wanaume! Jina mlilolichafua ndilo nililopewa kanisani nilipoolewa!

Vili anaikodolea macho kava. Naandika hapa mlangoni, nawaona wote wawili. Mpole wangu, mwema wangu — ningemzaba kofi! Ameinua mkono. Umesimama hewani juu ya kava.

Ananitazama mimi.