Tangi la Mama Somoe

Jumanne, Newala

Halafu eti mimi ndiye niliyeishia darasa la tano. Nimetembea mpaka Maputo, lakini kituko cha leo sijawahi kukiona.

Wafadhili wamemjengea Mama Somoe, jirani yangu, tangi la kuvunia maji ya mvua. Zuri kweli. Ila nyumba yake ni ya nyasi, na hapa kwetu kila mtu anajua mvua huvunwa kwa bati. Maji ya nyasi hutoka machache, rangi ya chai.

Nikamwuliza dada wa mradi, "Sasa hili litajaa kwa dua?"

"Baba Hamisi, fedha zetu ni za maji tu. Bati liko fungu la nyumba."

"Basi iandikieni mvua barua, ipite fungu lenu."

Akacheka, akapiga picha ya tangi, akaondoka.

Mama Somoe ana goti bovu, na bado anashuka bondeni na ndoo. Mwaka huu akiteleza kule...

Mvua ziko karibu. Kesho asubuhi nang'oa mabati ya jiko letu nikayapigilie kwa Mama Somoe. Mke wangu nitamwambia nikishafika juu ya paa.