Chumba cha Wajomba

Dada yangu mlezi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na shemeji na watoto, na kwamba lile goti lako limepata nafuu. Ukiniuliza mimi, mwili ni mzima, moyo ndio unaoumwa. Ningepiga simu, lakini tunajuana: ungenikatiza kabla sijafika nusu.

Tulipokuja kwako mara ya mwisho ulisema mti usiozaa haungojwi ukauke wenyewe. Ulilisema sebuleni, mbele ya shangazi na jirani zako, mke wangu akiwa ameshika birika. Aliendelea kumimina chai mpaka kikombe cha mwisho. Nami, kwa heshima yako uliyenilea baada ya mama, nikainamisha kichwa. Ndiyo maana leo nakuandikia habari za kazi yangu, ambayo hujapata kuniuliza ila kama inalipa.

Kiwanda chetu kimo ndani ya eneo huru la viwanda, nyuma ya ua wa waya. Malighafi huja kwa makontena yaliyopigwa lakiri, na mali hutoka vivyo hivyo, watu wa forodha wakikagua langoni. Hapa nchini haiuzwi hata tone. Tunatengeneza dawa za kuoshea chipu, vile vidude vidogo kama ukucha vilivyomo ndani ya simu na kompyuta. Dawa hizo lazima ziwe safi kuliko maji ya kunywa. Unywele mmoja ukidondoka, pipa zima ni la kumwaga. Ndiyo maana tunavaa nguo nyeupe toka utosini hadi unyayoni, macho tu nje. Nilipokuonyesha picha ulifurahi, ukasema wanatutunza kama mayai. Dada, nguo zile si za kutukinga sisi na dawa. Ni za kuikinga dawa na sisi.

Mimi nilikuwa chumba cha kuchanganyia. Harufu ya mle ni tamu, kama tunda lililoiva kupita kiasi, na hata ukitoka unaendelea kuionja kwenye mate. Wenzetu wa ghala walitubandika jina: Wajomba. Kwa sababu kila mtu mle alikuwa na watoto wa dada zake wa kuwasimulia, wa kwake hana. Tulicheka sana. Mmoja tu, tunayemwita Mrefu, ndiye aliyekuwa na binti, naye alimpata kabla hajaajiriwa. Tulimtania kwamba bado mgeni, hajaiva.

Mrefu na mkewe walihangaika kupata wa pili, wapi! Siku moja alikuja kuketi karibu nami kwenye benchi la kuvulia viatu, akanieleza kwa sauti ya chini kwamba wamekwenda hospitali. Mkewe mzima. Mbegu zake yeye ndizo zilizokufa. Daktari alimuuliza anafanya kazi gani, na alipoambiwa akauliza kama wenzake wana watoto. Mrefu alisema hapo ndipo vicheko vyetu vyote vilipomtokea puani.

Nikaenda nami kupimwa. Dada, ni mimi. Sijui niandikeje vinginevyo. Si mke wangu, ni mimi.

Nilirudi nyumbani nikamkuta anakunja nguo. Nilimwambia nikiwa nimesimama mlangoni, maana niliona nikiketi nitashindwa. Hakushtuka. Alisema alikwishapimwa zamani, peke yake, akaambiwa ni mzima na arudi na mumewe. Hakuniambia. "Nilijua ukijua utavunjika," alisema, "nikaona heri wanivunje mimi." Kisha akalia, nami sikuwahi kumwona akilia tangu tuoane. Akasema hana hasira nami, amechoka tu. Asubuhi nilimbebea sanduku hadi kituoni. Yuko kwa mama yake, mtaa wa pili kutoka kwako.

Kiwandani tulikwenda sote kwa meneja. Alitusikiliza kwa upole, akasema vipimo vyao vya hewa havina kasoro, na kwamba kukosa mtoto kuna sababu nyingi. Mrefu ameacha kazi. Mimi wamenihamishia ghala. Chumbani wameingia wapya. Nimewaeleza yote, wengine wamenisikia, wengine wamecheka kama tulivyocheka sisi.

Sasa nina ombi. Nenda kwake. Usimwombe arudi, hilo ni langu na yeye. Lakini wale waliokusikia siku ile, waite, yeye akiwapo, uwaambie kwamba mwenye kasoro ni ndugu yako. Nitaje kwa jina, usinisitiri. Najua utaona aibu. Nami naona aibu. Akikataa kukufungulia, keti kibarazani umngoje. Usiondoke upesi.

Nisalimie shemeji, wabusu watoto, na shangazi mwambie namwombea afya. Mengine hayaandikiki.

Mimi mdogo wako,
uliyenibeba mgongoni