Ng'ombe Mwenye Kengele: Kikao cha Dharura cha Idara ya Kiingereza

SHULE YA SEKONDARI YA KATA, IGAWA

Tarehe: Alhamisi, 22 Mei 2025
Mahali: Stoo ya vitabu
Waliohudhuria: Mwl. Andendekisye (Mwenyekiti), Mwl. Kalinga (mtunzi na msahihishaji wa mtihani), Mwl. Helena (pia mlezi wa bweni), Mwl. Jackline (Katibu)
Hakuhudhuria: Mwl. Anania, yuko msibani Makongolosi

KUMB. NA. 1/5: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa 8:20 mchana. Aliomba sauti ziwe za chini kwa kuwa ukuta ni wa mbao. Ombi hilo liliheshimiwa kwa dakika nne.

KUMB. NA. 2/5: SWALI LA 14
Katibu alisoma swali: "The herdsman hit the cow with the bell." Mwanafunzi aeleze kazi ya kirai kihusishi "with the bell". Mwongozo wa usahihishaji unasema kinaeleza kitendo: mchungaji alimpiga ng'ombe kwa kengele. Prisca Nkuba wa kidato cha tatu aliandika kwamba kinaeleza ng'ombe: yule mwenye kengele. Alikoseshwa, akabaki na alama 44. Aliye chini ya 45 anaachia kitanda bwenini, na mwisho ni kesho. Kwao ni kwa wafugaji Usangu, mwendo wa saa nne kwa mguu.

KUMB. NA. 3/5: MAJADILIANO
Mwl. Kalinga alieleza kwamba mwongozo ni mwongozo, na kwamba njia ya kukijua kirai cha namna hii ni kuuliza, "Alimpiga kwa nini?"

Mwl. Helena alijibu, "Kwa sababu alikula mpunga wa watu."

Wajumbe wawili walicheka. Mwl. Kalinga hakucheka. Alisema hakusoma miaka mitatu chuoni ili aje asahihishwe na mchunga ng'ombe.

Mwenyekiti alieleza kwamba Kiswahili hutenganisha "kwa kengele" na "mwenye kengele", lakini Kiingereza hubeba yote kwa "with" moja, hivyo sentensi ina maana mbili. Mwl. Kalinga alisema mtoto alibahatisha tu. Iliamuliwa aitwe.

KUMB. NA. 4/5: MAELEZO YA MWANAFUNZI
Prisca aliamkia, akabaki mlangoni. Aliulizwa na Mwl. Kalinga kwa nini aliandika vile.

"Mwalimu, kengele iko shingoni kwa ng'ombe. Huyo mtu aliivua saa ngapi?"

Mwl. Kalinga aliuliza ng'ombe mwenye kengele ni yupi.

"Ni yule anayeongoza. Lakini huyo hatumpigagi, mwalimu. Ukimpiga anakimbia, na wengine wote wanamfuata. Unabaki na fimbo yako."

Mwenyekiti alikumbusha kwamba anayebadili alama ni msahihishaji mwenyewe. Mwl. Kalinga aliishika kalamu nyekundu muda mrefu hadi Mwl. Helena akageukia dirishani. Kisha aliandika 45, akatia saini, akalifuta swali la 14 kwenye mwongozo. Prisca alilia. Katibu naye hakuwa mbali na machozi.

KUMB. NA. 5/5: MENGINEYO
Mwl. Kalinga aliomba maneno "mchunga ng'ombe" yafutwe katika kumbukumbu hizi. Katibu aliuliza yafutwe kwa nini. Mwl. Kalinga alisema, "Kwa kalamu."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti aliamua yabaki.

Kikao kilivunjika saa 9:35 alasiri, kengele ya shule ilipogongwa.

Andendekisye, Mwenyekiti: ..................
Jackline, Katibu: ..................