Majibu ya Mzee Nyandwi

Kijiji cha Bugarama,
Wilaya ya Ngara,
Mkoa wa Ziwa Magharibi.
17 Juni, 1979.

Mpendwa mdogo wangu Theonest,

Marahaba, mdogo wangu. Shikamoo yako nimeipokea, na ile ya mama nimemfikishia mwenyewe mkononi, akaitikia kama vile ulikuwa umesimama mlangoni. Mko wazima huko Songea? Wifi yangu Deodata hajambo? Na watoto? Na kile kifua chako, kimekuacha, au bado unawafundisha watoto wa watu huku unakohoa? Kunywa maji ya moto, usijifanye kijana.

Sisi huku ni wazima wa mwili. Mama anakula kidogo, lakini anakula. Mimi nalima, nalia, kisha nalima tena. Mume wangu Anatoli bado yuko Uganda na wenzake wa mgambo. Ameandika kwamba mapigano yamekwisha na hana jeraha, ila viatu vimemfia miguuni. Tunamngoja.

Maharage yametoka vizuri mwaka huu. Ndizi nazo si haba. Ungekuwa mwaka mwingine ningekusimulia mengi kuhusu shamba, lakini sina moyo huo.

Najua telegramu ilikufikia wakati baba tumekwisha kumzika. Usijilaumu, na mama hana kinyongo nawe. Umeuliza mambo mawili: baba aliondokaje, na je, kabla ya kuondoka alikubali kukusimulia habari za Rusatira. Theonest, hayo mawili ni jambo moja. Kaa vizuri nikueleze.

Unakumbuka barua yako ya mwaka jana, kabla ya vita? Uliandika kwamba wanafunzi wako wanasoma juu ya wafalme na mabaraza ya Ulaya ya mwishoni mwa karne ya kumi na nane, na kwamba kwa hesabu yako ya vizazi, miaka hiyohiyo mwami Rusatira alikuwa anatawala milima yetu, ana baraza lake, waamuzi wake na taratibu za kumrithi. Ukataka baba aeleze yote, mimi niandike, wewe uwafundishe. Nilipomsomea, baba alicheka kwa furaha hadi machozi. Alisema kumbe kijana hajapotea. Kisha akasema, “Mwandikie kwamba nitasema. Ila mniletee Nyandwi.”

Wewe ukajibu kwamba mzee anakuzungusha. Hapo ulinikasirisha, lakini nilikusamehe, kwa sababu uliondoka nyumbani mdogo mno kwenda shule ya misheni. Hukuwahi kukaa kwenye zile siku za kuvuna mtama, walipokuwa wakisimulia wawili.

Habari za Rusatira hazisimuliwi na mtu mmoja. Nyumba yetu ndiyo iliyopewa kusema upande wa ikulu: mwami alifanya hivi, aliamuru vile. Nyumba ya akina Nyandwi ndiyo iliyopewa kujibu, kwa upande wa watu waliotawaliwa, ikisema “sisi” kana kwamba ilikuwepo. Baba anasema jambo, ananyamaza. Nyandwi anajibu *ego*, ndiyo, au anajibu *oya*, hapana, kisha anaeleza kwa nini hapana. Mpaka ajibu, baba haruhusiwi kuendelea. Inasemekana wazee wa fimbo, wale waliokuwa wakiamua kesi, ndio waliouweka utaratibu huo Rusatira akiwa hai, baada ya kumkamata msifu mmoja akimsifia mbele yake kwa vita ambavyo hakwenda.

Kipande kimoja tu ndicho nilichokishika tangu utotoni. Baba alikuwa anasema, “Rusatira alimrudishia mjane malisho yake kwa huruma.” Na Nyandwi alikuwa anajibu, “Oya. Wazee walimpa siku ya kuyarudisha, akaenda kwa miguu yake, akamwomba radhi watu wakiona.” Basi. Hawakugombana, wala hakuna aliyebadilisha neno lake. Yote mawili yalibaki hapo, na sisi watoto tulikwenda kulala tukiwa nayo yote mawili.

Wakati serikali ilipofuta utemi, hawakuacha. Walikuwa hawamtumikii mwami yeyote, walikuwa wanatunza habari tu. Kilichowatenganisha ni Operesheni Vijiji. Sisi tulishushwa kutoka mlimani upande wa Murusagamba tukaletwa hapa, na unajua jinsi baba alivyokaa juu ya lori akiwa amekumbatia mlango wa nyumba yake. Nyandwi alikataa kupanda. Walipokwisha kuezua nyumba yake, alifunga mzigo akaenda kwa binti yake Koleta aliyeolewa Biharamulo, akaandikishwa kijiji cha huko. Tangu mwaka sabini na nne hawakuonana. Mimi sisemi vijiji ni vibaya, hapa tumepata bomba na zahanati, na mama asingefika mwaka huu bila ile zahanati. Nasema tu kwamba aliyepanga nani akae wapi hakujua kama kuna watu wawili ambao ukiwatenga wanakuwa mabubu.

Mwenyekiti wetu, Bonaventura, ni mtu mwema na anatupenda, lakini hata yeye hakuelewa. Siku moja ya sherehe alimwomba baba aeleze mkutanoni watawala wa zamani walivyowanyonya watu. Baba akasema yuko tayari, Nyandwi aitwe. Watu walicheka. Mwingine akasema, “Mzee Ildefonce, sema tu, nani atakupinga?” Baba akajibu, “Ndiyo hofu yangu,” akakaa chini. Tangu hapo wakamwita bahili wa maneno.

Sasa, baada ya barua yako nilianza kumtafuta Nyandwi. Nilituma salamu kwa wachuuzi wa baiskeli wanaovuka kwenda Biharamulo. Jibu likaja kwamba mzee yupo hai, mguu unamsumbua, ila anataka sana kuja. Bonaventura akaahidi kwamba lori la ushirika likienda huko litambeba. Wiki ileile tukasikia Wauganda wamevuka mpaka. Lori likachukuliwa kwa vita, mafuta yakawa ya kutafuta kwa tochi, vijana wakaitwa, Anatoli naye akaenda. Nani angethubutu kusimama ofisini kuomba gari la kumletea baba yake mtu wa kuzungumza naye? Nilinyamaza, Theonest. Watu walikuwa wanapeleka wana wao na ng’ombe wao. Nilinyamaza na ninaona nilifanya sawa, lakini inaniuma mpaka leo.

Baada ya Krismasi baba alianza kuishiwa nguvu. Alikuwa akikaa uani, midomo inacheza bila sauti. Mama alidhani anasali rozari. Mimi nilijua anakagua mambo yake kama yapo yote.

Nikaona nifanye ujanja. Nikamwambia, “Baba, acha mimi nijibu badala ya Nyandwi. Wewe sema tu, ukishamaliza nitamwandikia Theonest.” Kisha akajiweka sawa, akaanza kwa ile sauti yake ya siku za mtama, ambayo sikuwa nimeisikia miaka mingi. Akasema jambo moja juu ya Rusatira kukalia kiti. Nikasema ego. Akasema la pili. Nikasema ego. La tatu, nikasema ego, tena kwa furaha, maana nilikuwa namwona baba yangu amerudi.

Akanishika kichwa kama mtoto.

“Hilo la tatu ni uongo,” akasema. “Nimeliweka makusudi.”

Nikamwambia, “Baba, mimi nitajuaje?”

“Hujui, na unanipenda. Ndiyo maana huwezi kazi hii, Clotilda. Mtoto wa Rusatira alizungukwa na watu waliompenda, wakamwitikia kila neno, akaimaliza nchi ya baba yake huku anaitikiwa.”

Hakunisemesha kwa ukali. Aliomba uji, akanywa, tukaongea habari za mihogo. Lakini nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia sana. Na nisikufiche, nilikukasirikia na wewe, na Rusatira wako, na karne yako ya kumi na nane.

Mwezi wa tano, Jumatatu asubuhi, baba aliamka mkono wa kulia umekufa na ulimi umekufa. Macho yalikuwa mazima, masikio mazima, anaelewa kila kitu. Mganga wa zahanati alikuja akasema tumtunze tu. Mama alikaa kitandani pake akimfuta mdomo.

Siku hiyohiyo, jua likiwa limeanza kuteremka, lori la jeshi lilisimama barabarani, na wanajeshi wawili wakamshusha mzee kwa mikono kama wanashusha mtungi. Nyandwi. Alikuwa amekaa kando ya barabara kule Biharamulo akisimamisha kila gari, mpaka wale vijana waliokuwa wanatoka vitani wakamhurumia. Amezeeka, Theonest. Mguu umevimba, nguo ya kuazima. Alikuwa anatabasamu. Kabla hata sijamsalimu akaniuliza, “Yuko wapi? Nimekuja kumkatalia.”

Nilimwongoza tu ndani, nikasema shikamoo tukiwa tunatembea.

Alisimama akamwona. Hakulia. Aliomba kigoda, akakaa pale wanapokaa wajibuji, upande wa miguu na si wa kichwa, akasema, “Ildefonce, anza.”

Midomo ya baba ikaanza kucheza. Sauti hakuna, pumzi tu. Nyandwi alikuwa ameinama mbele anamtazama mdomoni. Midomo ikatulia. Nyandwi akasema, “Ego.”

Ikacheza tena, ikatulia. “Ego. Hilo sote tuliliona.”

Mama alinishika mkono. Bonaventura alikuwa amefika kumjulia hali mgonjwa, akavua kofia akabaki mlangoni. Walikwenda hivyo mpaka giza likaanza kuingia, bila kuruka kitu. Sisi tulisikia upande mmoja tu. Nimejitahidi kukumbuka, na haya ndiyo niliyoyashika:

“Oya. Mvua hakuileta yeye, ilikuwa njiani.”

“Ego, alikuwa mwadilifu kwa mifugo.”

“Oya. Kiti alipewa, hakukichukua. Tungeweza kumpa ndugu yake.”

“Oya. Walimpa siku, akaenda kwa miguu yake, akamwomba radhi.” Hapo nilijua walipofika, nikaziba mdomo kwa kanga.

“Ego. Ego, hiyo njaa aliila pamoja na sisi.”

“Oya. Usiseme walikuwa wachache. Walikuwa na majina.” Na hapo Nyandwi akaanza kutaja majina ya watu waliokufa katika vita moja ya Rusatira, karibu miaka mia mbili iliyopita, mmoja baada ya mwingine, na baba ametulia anasikiliza. Sikuweza kuyashika. Nilikuwa namfikiria Anatoli.

Mwisho midomo ya baba ilikawia sana. Nyandwi alingoja. Kisha akasema kwa sauti kubwa, “Ego. Umesema, nami nilikuwepo.” Hilo ndilo neno la kufungia, kila mtu wa mlima wetu analijua. Baba akafumba macho. Hakuyafumbua tena, na Jumatano akatutoka, bila kuhangaika.

Kwa hiyo ukiuliza kama alisimulia, alisimulia, na alikubaliwa. Sijawahi kumwona ametulia vile. Ila hakusimulia kwetu.

Nilimwomba Nyandwi. Nilipiga magoti, Theonest, nikamwambia wewe umeusikia upande wa baba maisha yako yote, unaujua kuliko yeyote, niambie niandike. Akasema, “Naujua wote. Lakini mwanangu, nikiusema mimi nani atanikatalia?” Nikasema basi sema tu wa kwako. Akasema wa kwake si habari, ni majibu. Nilimkasirikia mzee wa watu. Nilimpa chakula chake bila kumtazama.

Siku ya mazishi watu walikuwa wengi, hata wa Nyamiaga walikuja. Padri alipomaliza, Bonaventura akatangaza kwamba Mzee Nyandwi, rafiki wa marehemu, atasema maneno machache. Nyandwi akasimama kwa fimbo yake, akaangalia kaburi. Akakaa kimya. Tulidhani anatafuta maneno. Watu wakaanza kukohoa, mama akainua uso. Alikaa kimya mpaka nikaelewa kwamba hatafuti kitu, anamngoja baba aanze. Nikaenda nikamshika mkono, nikamkalisha.

Amekwisha kurudi Biharamulo. Sina kingine cha kukutumia zaidi ya majibu hayo. Nakuomba usiyatungie maswali. Ukiwafundisha hao watoto wako habari za tawala za karne hiyo, waambie huku kwetu kulikuwa na moja, na kwamba upande wa ikulu umezikwa Bugarama.

Mama anakusalimu na anakuomba uje ukipata ruhusa, hata kwa siku chache. Bonaventura anakupa pole. Jirani yetu Kalista anakusalimu, anasema umemsahau. Nisalimie sana wifi Deodata na wanangu wote, uwabusu kwa ajili yangu. Mungu aliyempumzisha baba akulinde njiani na darasani, na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi dada yako nikupendaye siku zote,

Clotilda Ildefonce